Uboho wa Kinyozi

Wodi ya Watoto, kitanda cha 9
6 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu wa wodini (yupo mwalimu, usidhani nimekwepa shule) ametupa kazi. Kila mmoja amwandikie ndugu yake barua kwa mkono, na huyo ndugu ajibu kwa mkono. Akasema barua huanza na "mimi ni mzima wa afya". Nikamwuliza, mwalimu, niandike hivyo na dripu mkononi? Alicheka mpaka akatafuta kiti. Basi mimi si mzima sana, hofu ni kwako.

Mama hajambo. Analala kwenye kiti cha kukunjua, kila asubuhi anaamka shingo imegoma, akitaka kukutazama anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Mtoto wa kitanda cha 8 anamwiga akiwa nyuma yake. Msalimie Baba, mwambie asiache kumwagilia maua yangu, na asiyamwagilie kila saa kama mara ile.

Nimekuchagua wewe kwa sababu moja. Kwenye simu Mama anakaa pembeni yangu, na simu yenyewe inapiga kelele kama redio. Barua hakuna anayeisikia. Nilikuja hapa kwa "vipimo vya siku mbili". Leo ni siku ya ishirini na tatu. Mwaka jana nilimaliza dawa, tukapiga picha, wewe ukalia ukasingizia vumbi. Sasa nataka kujua jambo moja tu: saratani ya damu imerudi? Kila ninayemwuliza anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli koridoni.

Jibu upesi. Na uandike vizuri, kuku akiparua chini anasomeka kuliko wewe.

Mdogo wako,
Chiriku


Saluni
15 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imechoka kuliko aliyeileta. Sisi huku wazima. Baba yuko zamu ya asubuhi kiwandani, jioni anapika. Juzi kapika wali, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Nikamwambia, Baba, hiki tungezibia ufa wa ukutani. Akaninunia, lakini naye hakumaliza sahani yake. Maua yako yapo, yanaogelea.

Saluni inakwenda. Kinyozi mwenzangu wa kiti cha pili amenunua kioo kipya kinachomnenepesha kila anayekaa mbele yake, wateja wanakimbilia kiti changu. Namwombea kioo hicho maisha marefu.

Wiki iliyopita niliitwa hospitali ya hapa nikatolewa damu ya vipimo, mambo ya kifamilia tu. Shangazi alinisindikiza. Kazi ya dakika mbili. Sikusikia chochote.

Kuhusu swali lako, hilo ni la Mama na madaktari. Mimi ni mtu wa nywele tu.

Kaka yako


Kitanda cha 9
26 Februari

Kwa mtu wa nywele tu,

Shikamoo ya hasira. Mama hajambo, shingo bado. Mtoto wa kitanda cha 8 ameruhusiwa jana, ametoka akipungia mkono kila mtu mpaka mfagiaji. Nimefurahi kwa ajili yake, halafu nikanuna kidogo, halafu nikafurahi tena.

Hukunijibu, kwa hiyo nimemwuliza daktari mwenyewe, yule aliyefunga miwani yake kwa kamba. Nilingoja Mama aende kuoga. Nikamwambia, daktari, nina miaka kumi na miwili na damu ni yangu. Akavuta kiti, akakaa, akasema ndiyo, imerudi. Nililia sana. Yeye akakaa pale pale, hakukumbuka shughuli yoyote koridoni. Nilipomaliza kulia akanieleza mpaka nikaelewa.

Iko hivi. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho wangu unatengeneza chembe mbovu, na dawa peke yake zimeshashindwa mara moja. Sasa watanipa dawa mpaka ugonjwa usionekane, kisha dawa kali zaidi ya kuumaliza uboho wangu wote, kisha nitapewa mbegu za uboho wa mtu mzima wa afya, ziote upya ndani yangu. Mbegu hizo zinaitwa seli shina. Huyo mtu lazima alingane nami. Ile damu yako ya "mambo ya kifamilia" ilikuwa ya kuangalia hilo, na umelingana nami kumi kwa kumi. Ndiyo mara yako ya kwanza kupata kumi kwa kumi, na wala hukusoma.

Lakini daktari anasema umepigiwa simu mara mbili upange tarehe, na simu inaita mpaka inakata. Mama anasema una kazi nyingi. Shangazi anasema mengine. Anasema ni kweli hukusikia chochote siku ile, kwa sababu ulikuwa sakafuni. Ulizimia sindano ikiwa bado mezani!

Kaka, unaogopa? Sema tu. Sina mwingine anayelingana nami.

Chiriku


Saluni
9 Machi

Chiriku,

Marahaba, hata kama ni ya hasira. Baba mzima. Amesoma barua yako yote bila kuniomba ruhusa, akavaa kofia akatoka kwenda kutembea, akarudi na miche mipya ya maua. Unamjua.

Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili nimefutia vumbi la nywele. Ndiyo, naogopa. Mimi ninayeshika wembe toka asubuhi hadi jioni kwenye shingo za watu, sindano ikielekezwa kwangu miguu inaniaga. Shangazi kasema kweli, ila kaacha kusema kwamba nilianguka na meza yao.

Lakini si sindano tu. Naogopa nikupe uboho wangu halafu usiote. Nitaishije na mwili ambao ulishindwa kukusaidia? Hicho ndicho kilichonifanya niitazame simu ikiita. Nimejionea aibu, mdogo wangu. Wewe unachomwa kila siku, mimi nimejificha nyuma ya mashine ya kunyolea.

Na nisamehe kwa kukuficha. Sisi watatu tulijua tangu Januari. Tulikubaliana tusikwambie ili usiogope, kumbe waliokuwa wanaogopa ni sisi.

Leo mchana nimempigia daktari mteja akiwa kitini na povu kidevuni, ili nisipate pa kukimbilia. Ninakuja. Tarehe mbili Aprili niko huko, nikitembea au nikibebwa.

Kaka yako mwoga


Kitanda cha 9
22 Machi

Kaka yangu mwoga ninayempenda,

Shikamoo mara mia! Habari za huku ni nzuri. Mama amenunuliwa mto wa shingo na akina mama wa wodini, walichanga. Sasa anageuka kama binadamu.

Ya pili ni nzuri zaidi. Dawa zimefanya kazi. Wamenitoboa nyonga wakaangalia, ugonjwa hauonekani. Daktari kasema hauonekani si sawa na haupo, ndiyo maana wanataka kuwahi. Tarehe sita Aprili nahamia chumba cha peke yangu na kuanza dawa kali. Tarehe kumi na tatu napewa uboho wako. Chumba kina milango miwili, wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Barua zitaingia kwenye mfuko wa plastiki zikiwa zimefutwa kwa spiriti, kwa hiyo usipake marashi, hayatafika.

Sasa nisikilize, mimi ni bingwa wa sindano. Usiitazame. Kunywa maji mengi kabla, mishipa inajitokeza. Usibane pumzi. Ukiona kizunguzungu sema, usijifanye mwanaume. Na ile kubwa, ya kukutoa uboho kwenye mifupa ya nyonga, utapewa dawa ya usingizi, utalala kifudifudi na kuamka mambo yameisha. Utaumwa siku chache kama umepigwa teke na punda. Wewe umeshawahi kupigwa teke na punda, kwa hiyo una uzoefu.

Njoo salama. Usifanye lolote ambalo hukuambiwa.

Chiriku


Jengo la wageni wa hospitali
4 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nimefika. Baba anakusalimu, alinisindikiza mpaka kituoni akanipa mkate wa safari mzima, kisha akaula yeye robo tatu wakati tunasubiri basi. Chumba changu hapa kina kitanda, kiti na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Dirisha lako ni la ghorofa ya tatu, la tano kutoka kushoto. Nimehesabu.

Mama atakuwa amekwambia kwamba tarehe imesogezwa wiki mbili. Usijali. Ni mambo ya ofisini, karatasi fulani haikupigwa muhuri. Pia wamenikataza kuja wodini kwenu, nina kimafua kidogo. Mambo madogo madogo.

Kaka yako


Kitanda cha 9
5 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mafua yako yako nyongani?

Mama alirudi kutoka kwako jana akicheka huku analia. Kaniambia yote. Kwamba ulisikia uboho unatolewa nyongani, ukaona hapana, madaktari hawatakuta kazi chafu kwa kinyozi. Kwamba ulifunga saluni, ukaweka vioo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, ukajinyoa mwenyewe nyonga zote kwa wembe, kinyume na vinyweleo, ili ziwe laini kabisa. Kwamba nyonga haikuwa na hata unywele wa maana! Kwamba ulijikata, ukapaka losheni ya wateja, na sasa una vipele kushoto na jipu kulia, tena mahali pale pale pa kuingizia sindano. Tangu zamani watu wanasema kinyozi hajinyoi. Wewe ulidhani wanamsema nani?

Nimecheka mpaka mashine ya dripu ikaanza kulia, muuguzi akaja mbio.

Halafu nimeacha kucheka. Daktari kasema wiki mbili si tatizo, atanipa dawa ya kushikilia, "mradi ugonjwa usirudi hapo katikati". Alisema upesi sana, lakini nimesikia. Kaka, ugonjwa ukirudi sasa hivi hatutapandikiza. Tutaanza upya, kama kutakuwa na cha kuanzia. Sijamwambia Mama kwamba nimeelewa hivyo.

Na umenidanganya tena kuhusu muhuri. Hilo ndilo limeniuma kuliko jipu lako.

Chiriku


Jengo la wageni
6 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina salamu, sina habari za nyumbani. Una haki.

Nikwambie kweli yote. Haikuwa usafi tu. Nilisikia kwamba huwa wanamsafisha mgonjwa kabla ya kumchoma, nikawaza, nikijinyoa mwenyewe basi hakuna mgeni atakayenisogelea na wembe, litakuwa limepungua jambo moja la kuogopa. Nimenyoa watu miaka tisa, sijawahi kumkata hata mtoto anayerukaruka. Siku niliyotakiwa nisijiguse, nikajikata. Daktari aliponivua bandeji hakunifokea. Aliuliza tu, "Nani aliyekunyoa?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Ugonjwa ukirudi kwa sababu ya wembe wangu sitajisamehe mpaka nafukiwa. Naandika ili usiseme nimekuficha tena.

Jipu limetumbuliwa jana. Nilikuwa macho, sikuzimia. Nilifuata maneno yako, sikutazama, sikubana pumzi. Nameza dawa kwa saa, nimechora jedwali ukutani, mhudumu wa jengo amenuna. Kila siku saa kumi jioni nitasimama pale maegeshoni chini ya dirisha lako. Ukinisamehe, pungia mkono. Usiponisamehe, nitasimama tu.

Kaka yako


Kitanda cha 9
7 Aprili

Kaka,

Ulisimama mbele ya gari la mkurugenzi ukalizuia kutoka. Tumekuona wodi nzima. Nilipunga mikono miwili, na wa dripu pia, nikagombezwa. Basi yaishe.

Chiriku


Chumba cha milango miwili
9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima, anavaa barakoa na aproni, namjua kwa macho tu.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nipewe uboho wako. Nilidhani ingekuwa jambo kubwa, kumbe ni mfuko mwekundu juu ya kichwa changu, muda wa saa tatu, ukaisha. Wewe ulipita nje ya kioo cha chumba changu siku ya pili ukichechemea, ukajifanya unacheza muziki. Nilikuona ulivyokunja uso ulipodhani sitazami.

Sasa mdomo umejaa vidonda, hata mate hayamezeki, hivyo Chiriku amekuwa bubu. Kila asubuhi wanahesabu chembe nyeupe. Juzi sifuri. Jana sifuri. Leo sifuri. Kuna jambo nawaza, sitaliandika.

Usinitumie maneno ya huruma, ninayo ya kutosha. Nitumie upuuzi.

C.


Saluni
14 Mei

Chiriku bubu,

Marahaba. Umeomba upuuzi, umefika dukani kwake.

Baba kajifunza kupika chapati. Ya kwanza ilikuwa na umbo la kiatu, tena cha kulia. Kasema ya pili itakuwa ya kushoto.

Jana kaja kijana na picha ya mchezaji mpira, anataka kichwa kile kile. Nikamwambia, nywele naziweza, uso umeshakamilika. Mwingine kaniuliza kwa nini nachechemea. Nikamjibu nimempa dada yangu mifupa. Akanitazama chini mpaka juu, akasema, "Mbona huyo dada hakuchukua na kitambi?" Saluni nzima ikaanguka kwa kicheko. Sasa wananiita Mfadhili wa Mifupa, na kinyozi mwenzangu anataka kuandika hivyo kwenye kibao cha nje.

Upuuzi umeniishia. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango nampigia Mama nauliza namba. Akisema sifuri nasema "haya", nafungua. Nazungumza na uboho wangu huko ndani yako, Chiriku. Nauambia, we mvivu, amka, hapo ndipo kwenu. Wateja wanadhani nasali. Labda ndivyo.

Kaka yako


Chumba cha milango miwili, ila sasa mmoja unaachwa wazi
10 Juni

Kaka!

Shikamoo, na ukae chini kwanza. Mama mzima, anakusalimu, anacheka ovyo siku hizi. Mdomo wangu umepona, muulize yeyote, wanatamani vidonda virudi.

Namba unazijua kwa simu. Tarehe kumi na sita chembe zilikuwa mia moja, halafu mia tatu, halafu elfu moja na mia mbili. Lakini nilimwapisha Mama asikupigie kuhusu kipimo cha leo, nikuandikie mwenyewe.

Walichukua damu kuangalia ni ya nani, yangu au yako. Asubuhi mtu wa maabara, mgeni kazini, akapiga simu wodini amekasirika. Kwamba sampuli zimechanganywa. Fomu imeandikwa msichana wa miaka kumi na miwili, lakini chembe zote alizoziona ni za mwanamume. Daktari akamwuliza, zote? Akajibu, zote, hakuna hata moja ya msichana, nani kafanya uzembe huu? Kaka, daktari aliruka! Miwani ilimtoka na kamba yake! Akaja mbio mlangoni akasahau hata kuvaa aproni, akasimama nje akaniandikia kwa kidole kwenye kioo: mia kwa mia.

Uboho wote ni wako. Umeota. Na ugonjwa hauonekani. Bado nitaangaliwa miezi mingi, na kuna mambo mengi ya kuchunga, daktari hataki tusherehekee kwa kelele. Lakini yeye ndiye aliyepiga kelele.

Nimemwuliza kama na mimi sasa nitaogopa sindano. Kasema woga haukai kwenye uboho.

Asante, kaka. Nilikuwa nimeogopa sana. Nilichokataa kuandika siku ile ni kwamba nilikuwa nachagua nani apewe vitu vyangu. Sasa hakuna anayepewa kitu.

Mdogo wako mwenye damu ya kiume,
Chiriku


Saluni
18 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba. Baba mzima, nimemsomea barua yako kwa simu akiwa kiwandani, sijui mashine gani ilizimwa, lakini nilisikia watu wakipiga makofi.

Mimi niliipokea nikiwa kazini. Mzee mmoja yuko kitini, nimeshamnyoa upande wa kulia wote, kushoto bado nywele tele. Nikasema nichungulie mstari mmoja tu. Nilipofika kwa mtu wa maabara, miguu ikaniaga kama kawaida yake. Nikakaa sakafuni palepale kwenye nywele za watu, nikalia kwa sauti, sikusingizia vumbi. Mzee wa watu akashuka kitini na shuka yake shingoni, nusu kipara, akapiga magoti kwa shida, akanishika bega, akaniuliza polepole, "Pole, kijana wangu. Nani amefariki?"

Nikamwambia, "Hakuna, mzee wangu. Hakuna aliyefariki."

Kaka yako